Nairobi maji huchemka mapema: sanduku la joto na vifaa vingine vya kujitengenezea

Ukitaka kutengeneza kifaa chochote cha joto Nairobi, kama sanduku la kuangulia mayai au kugandisha yogati, anza na maji yanayochemka. Mji uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka yakifika kati ya nyuzi 94 na 95 za Selsiasi. Mombasa ndiko yanakofika 100. Watu wengi hukagua kipimajoto kwa kukitumbukiza kwenye sufuria inayotokota, wakaona 94.5, wakasema kimeharibika, kisha wakakiongezea nyuzi 5.5 kwenye mpangilio. Kuanzia hapo kioo cha kipimajoto kikionyesha 37.5, ndani ya sanduku pana nyuzi 32. Mayai hayaanguliwi, yogati haigandi, na lawama zinamwendea aliyeuza mayai au maziwa.

Kifaa cha kujitengenezea hakiaminiki mpaka kipimwe, na kipimo chenyewe lazima kikaguliwe kwanza. Kwa bahati nzuri, ukaguzi huu hauhitaji maabara kubwa. Ponda barafu, jaza kikombe, mimina maji safi kidogo yajaze nafasi zilizobaki kati ya vipande, koroga, subiri dakika tano. Hapo ni nyuzi 0, na mwinuko wa mji haubadilishi kitu. Barafu ikielea juu ya maji mengi, chini ya kikombe patakuwa na joto zaidi na kipimo kitakudanganya, kwa hiyo barafu ndiyo iwe nyingi.

Hata hivyo, sanduku la mayai au la yogati halifanyi kazi kwenye nyuzi 0. Likague karibu na joto litakalotumika. Nunua kipimajoto cha homa cha dijitali katika duka la dawa. Ni rahisi, na vingi vimetengenezwa visikosee zaidi ya nyuzi 0.1 katika eneo la joto la mwili. Jaza chupa ya chai maji ya nyuzi 38 hivi, ingiza kipimajoto cha homa pamoja na sensa ya themostati yako (ncha ya waya inayohisi joto, ili themostati iwashe na kuzima balbu za sanduku), vikiwa vimegusana, koroga polepole, soma vyote viwili. Tofauti utakayoiona ndiyo ya kuingiza kwenye mpangilio. Usiitumbukize sensa ya bei nafuu kwenye maji yanayochemka mara kwa mara: gundi iliyoziba ncha yake hupasuka, maji yakapenya, ukinzani ukashuka, na sensa ikaanza kusoma joto kubwa kuliko lililopo. Sanduku likawa baridi huku kioo kikionyesha kila kitu kiko sawa.

Sanduku lenyewe ni lile boksi jeupe la povu la kusafirishia samaki. Hupatikana kwa wauza samaki wa Gikomba na City Market. Chagua lenye ukuta wa milimita 25 au zaidi na kifuniko kinachokaa vizuri. Lioshe kwa sabuni, kisha kwa maji yenye jiki, lianikwe kutwa nzima, kwa sababu harufu ya samaki huingia kwenye maziwa.

Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 30 hupoteza takribani wati 1.5 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoamua balbu ngapi utumie, na wengi huiruka. Mchana wa Februari, chumba kikiwa na nyuzi 24 na wewe unataka 37.5, unahitaji wati 20. Balbu moja ya gari ya wati 21 inatosha, ikiwaka karibu muda wote. Usiku wa Julai, chumba kikishuka hadi 15, unahitaji wati 34. Balbu ile ile sasa itawaka bila kuzima hadi asubuhi na sanduku litakwama karibu na nyuzi 30. Si themostati iliyoharibika, ni baridi ya Julai. Weka balbu mbili. Kwa yogati, inayotaka nyuzi 43, mbili zinakuwa ukingoni kabisa usiku wa baridi, kwa hiyo weka tatu au ulifunike boksi kwa blanketi zito, ukiacha matundu ya hewa wazi.

Kwa nini balbu za gari na si balbu ya kawaida ya volti 240? Kwa sababu ndani ya sanduku hili kuna mvuke, bakuli la maji, na mara nyingi mikono ya watoto. Umeme wa volti 240 ubaki nje. Ndani pitisha volti 12 tu. Kirinyaga Road balbu za indiketa za wati 21 pamoja na vishikizo vyake ziko kila duka. Nje weka adapta ya volti 12, ampea 5. Balbu mbili na feni ni wati 44, yaani ampea 3.7, ndani ya uwezo wake. Ukiongeza balbu ya tatu unafika ampea 5.4, na adapta iwe ya ampea 8. Chaja ya laptopu haifai, nyingi hutoa volti 19 na balbu zitakatika. Pawa ya kompyuta ya mezani iliyotupwa inafaa sana: unganisha waya wa kijani na mweusi ili iwake, kisha chukua volti 12 kwenye waya wa njano na mweusi. Waya wa kupeleka umeme kwenye balbu uwe wa milimita za mraba 1.0 au 1.5. Waya mwembamba wa spika hupata joto, na volti hupotea njiani. Tia fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya kwa balbu mbili, na ya 7.5 kwa balbu tatu. Kwenye plagi ya ukutani ondoa fyuzi ya 13 uweke ya 3.

Themostati inayopatikana kwa urahisi katika maduka ya elektroniki ya Luthuli ni ile sahani ndogo ya W1209, yenye tarakimu tatu nyekundu na sensa ya waya. Ni nzuri kwa bei yake, lakini ina mitego miwili inayowarudisha watu dukani wakidai wameuziwa kibovu. Kwanza, sehemu mbili za K0 na K1 hazitoi umeme. Ni swichi tu. Lazima waya chanya wa balbu upite hapo katikati: kutoka adapta hadi K0, kutoka K1 hadi balbu, na balbu irudi kwenye hasi. Pili, hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kupoza. Ukiiwasha sanduku likiwa baridi, balbu haiwaki. Bonyeza kitufe cha kupanga kwa sekunde tano, nenda P0, badilisha C iwe H.

Ukiwa humo, P4 ndipo pa kuingiza tofauti uliyopata kwenye chupa ya chai. P1 ni pengo kati ya kuzima na kuwasha. Inakuja ikiwa 2.0, pengo kubwa mno kwa mayai. Kishawishi ni kuishusha hadi 0.1, na hapo ndipo relei, swichi ya ndani inayobofya, inapoanza kufa. Relei ndogo za namna hii hukadiriwa kudumu mara 100,000 za kuwasha. Ikibofya kila sekunde 30 ni mara 2,880 kwa siku, na hesabu inaisha kwa siku 35. Ukiweka 0.5, ikawa inabofya kila dakika tatu au nne, utapata miezi minane hivi. Isitoshe, uzi wa balbu ukiwa baridi huvuta umeme kama mara kumi ya kawaida kwa kufumba na kufumbua, na cheche hiyo hatimaye hugandisha ncha za relei. Relei ikigandia upande wa kuwasha, balbu haizimi tena. Kwa sababu hiyo usikose fyuzi ya joto, ile inayotumika ndani ya sufuria za umeme za wali na pasi. Chukua ya nyuzi 70 hivi, uiunge kwenye waya chanya wa balbu, ikae sentimita chache juu ya mkebe wa balbu. Miguu yake usiichome kwa risasi bila kuibana na koleo, maana joto la kuchomelea hupanda na kuikata kabla haijafanya kazi hata siku moja. Afadhali utumie kiunganishi cha skrubu.

Balbu iwekwe ndani ya mkebe wa bati uliotobolewa pande zote, angalau sentimita 10 kutoka ukuta wowote wa povu, na ukuta ulio karibu upakwe karatasi ya alumini. Mkebe hufanya kazi mbili. Unazuia mwanga usiipige sensa moja kwa moja, na unazuia boksi lisiyeyuke. Povu hili huanza kulegea kabla ya nyuzi 100, na glasi ya balbu ya gari hupita hapo kwa urahisi.

Feni ya kompyuta ya milimita 80 izunguke muda wote, isizimike pamoja na balbu. Hewa ikitulia, ya moto hupanda na ya baridi hukaa chini, na mayai ya safu ya juu hutofautiana na ya chini kwa nyuzi kadhaa. Ielekeze feni ipulize juu ya mkebe kuelekea ukuta wa mbali, hewa izunguke, isipige mayai usoni. Sensa ining'inie katikati ya boksi, kwa kimo cha mayai au chupa zenyewe.

Washa sanduku tupu saa 24 kabla ya kuweka kitu chochote. Pima pembe nne na katikati, andika. Kwa mayai ya kuku usikubali tofauti inayozidi nyuzi 0.5, kwa yogati hata 1 inavumilika. Pembe moja ikiwa na joto zaidi, sogeza feni kabla ya kugusa themostati.

Stima ikipotea, maji ndiyo akiba. Chupa zenye jumla ya lita 6 za maji ndani ya boksi hufanya joto lishuke kwa nyuzi 1 kila dakika 14 hivi, badala ya kuporomoka. Zijaze maji ya vuguvugu tangu mwanzo. Ukiweka ya bombani, balbu mbili zitachukua saa nne au zaidi kuyafikisha 37. Kwa kuwa kila kitu ni cha volti 12, betri ya ampea 35 kwa saa inaweza kubeba sanduku zima kwa saa sita hivi bila kuiua betri yenyewe.

Kwa mayai: nyuzi 37.5, unyevu asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70, kugeuza angalau mara tatu kwa siku na kuacha kugeuza siku ya 18, matundu mawili ya milimita 10 chini na mawili juu. Kwa yogati: maziwa yachemshwe, yapoe hadi 43, kisha vijiko viwili au vitatu vya yogati hai kwa lita, saa nne hadi sita, bila kutikisa. Kwa mbegu za majaribio ya shule, 25 hadi 30. Sahani za vijidudu shuleni zifungwe kwa selotepu, zisizidi nyuzi 25, na zisifunguliwe tena. Nyuzi 37 ni joto la mwili wa binadamu, na vinavyostawi hapo ndivyo vinavyoweza kumdhuru mtoto. Nalisisitiza hili kwa sababu tangu Gredi ya 7 ianze mwaka 2023 katika viwanja vya shule za msingi, walimu wengi wa sayansi wanajitafutia vifaa wenyewe, na sanduku moja hupitishwa kutoka mayai hadi vijidudu bila kubadilisha mpangilio.

Sahani hizo zikishatumika, lazima vijidudu vilivyomo viuliwe, na hapa mwinuko wa Nairobi unarudi kwa nguvu zaidi. Sufuria ya presha ndiyo otoklevu (chombo cha kuulia vijidudu kwa mvuke) ya maskini, na vitabu vyote husema presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba, kwa dakika 15. Hiyo ni kanuni ya usawa wa bahari. Geji ya sufuria hupima presha iliyozidi hewa ya nje, na hewa ya Nairobi ina kilopaskali 83 tu dhidi ya 101 za pwani. Pauni 15, yaani kilopaskali 103, hukupa nyuzi 121 Mombasa lakini 118 hapa. Nyuzi tatu zinasikika kuwa kidogo. Kwa mbegu sugu za bakteria, kila nyuzi 10 zinazopungua huzidisha muda mara kumi, kwa hiyo nyuzi tatu huuzidisha mara mbili. Dakika 15 ziwe 30. Na sufuria nyingi za jikoni hazifiki pauni 15. Ikiwa yako inaachia kwenye kilopaskali 80, unapata nyuzi 114, na muda unaokubalika ni dakika 75. Soma namba iliyoandikwa kwenye uzito unaokaa juu ya vali au chini ya sufuria kabla ya kuamini mtu. Wanaootesha uyoga na kulalamika kwamba chupa zao huota ukungu wa kijani, wengi wao shida iko hapa.

Tia maji lita moja na nusu, weka vyombo juu ya kistendi visiguse maji. Acha mvuke utoke wazi kwa dakika saba hadi kumi kabla ya kuweka uzito, maana hewa iliyobaki ndani huchangia presha bila kuchangia joto. Anza kuhesabu muda uzito ukianza kutikisika. Chupa zijazwe theluthi mbili, vifuniko vilegezwe robo mzunguko. Ukizima moto, usiinue uzito kuharakisha: presha ikishuka ghafla, agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) na maji hufoka na kumwagika yote. Subiri ishuke yenyewe. Raba ya kifuniko ikiwa ngumu au imepasuka, nunua nyingine siku hiyo hiyo, na tundu la vali lichunguliwe kwenye mwanga kila mara. Ukitaka kujua kama umepita 121, fungia punje za asidi ya benzoiki ndani ya kichupa kikavu cha glasi. Huyeyuka nyuzi 122. Nairobi, kwa pauni 15, utazikuta bado ni punje.

Mizani nayo ina lake. Mvutano wa dunia hapa ni takribani mita 9.775 kwa sekunde ya mraba, kwa sababu tuko karibu na ikweta na juu mlimani. Mizani ya dijitali iliyosawazishwa kwa 9.807 itasoma pungufu gramu 3 kwa kila kilo. Kwa unga wa chapati haijalishi. Kwa myeyusho wa maabara, isawazishe kwa jiwe la uzito unaojulikana, papo hapo mezani.

Kikorogeo cha sumaku, kinachozungusha kijiti ndani ya chombo cha maabara bila mkono, ni kazi ya jioni moja. Chukua feni ya kompyuta na sumaku ya diski ngumu iliyokufa. Mafundi wa kompyuta huwa nazo za kutupa, na skrubu zake hutaka bisibisi ya nyota ya T6 au T8. Sumaku hizi zina ncha ya kaskazini na ya kusini kwenye uso mmoja, kwa hiyo moja inatosha: igundishe katikati ya kitovu cha feni, mstari unaogawa ncha hizo upite juu ya ekseli. Iache kwenye bamba lake la chuma, kwa kuwa bamba hilo huikinga sensa ya feni. Ukilibandua, feni hukwama au hutetemeka bila kuzunguka. Funika kwa perspeksi (plastiki ngumu angavu) ya milimita 3, nafasi kati ya sumaku na perspeksi isizidi milimita 2. Usitumie bati la chuma, litameza nguvu yote. Kijiti cha kukorogea ni msumari wa milimita 25 uliozibwa kabisa ndani ya mrija wa plastiki ulioyeyushwa ncha zote mbili. Zibo likivuja, asidi itakula chuma na matokeo ya titresheni yataharibika.

Mwendo udhibitiwe kwa kidhibiti volti cha LM317, rezista ya ohm 240 na potenshiomita (rezista ya kuzungusha) ya kiloohm 2. Mgongo wa chuma wa LM317 una volti ya kutoka, kwa hiyo usiugusishe na hasi. Feni nyingi hazianzi chini ya volti 4 au 5. Iwashe polepole, kwa sababu ikiruka kasi ghafla kijiti huachwa nyuma na kuanza kurukaruka ndani ya chombo. Kikifanya hivyo, shusha kabisa, kitulie, anza upya. Chombo chenye tako la kubonyea ndani, kama chupa nyingi za soda, hakifai hata ufanyeje.

Vifaa vya chuma, peleka kwa mafundi wa Kamukunji. Stendi ya miguu mitatu ya kuwekea bika (kikombe cha maabara) ni rodi ya milimita 6, pete ya upana wa sentimita 12, miguu ya sentimita 20. Chora kwenye karatasi kwa milimita, andika kama kipimo ni cha ndani au cha nje, na ukiweza beba bika yenyewe fundi aishike. Kwa masanduku na vikinga upepo taja geji: namba ikipanda bati huwa jembamba, 26 hujikunja kwa mkono na 16 hubeba uzito. Kitakachokaa motoni kiwe cha chuma cheusi, kisiwe cha mabati. Zinki ya mabati huyeyuka kwenye nyuzi 420, na moshi wake mweupe humpa anayeuvuta homa na kikohozi jioni hiyo. Mwambie fundi asitumie mabati hata kwa kiraka, na kabla ya kulipa, weka stendi juu ya sakafu iliyonyooka uitazame pete kutoka pande zote tatu: ikiinama, mguu mrefu ukatwe palepale.